Sura ya Nne: Ufalme Unaobisha Hodi

Msomaji wa Kiswahili anapofungua Injili ya Mathayo, sura ya 20, kuna kitu anakipata bure ambacho wengine hawakipati mpaka waelezwe. Yesu anasimulia habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kutafuta vibarua. Akawapata, wakapatana dinari moja, ambayo ndiyo ilikuwa ujira wa kawaida wa kutwa. Akatoka tena saa tatu, akatoka saa sita, akatoka saa tisa. Mwisho akatoka saa kumi na moja, akakuta watu bado wamesimama. Mwingereza akifika hapo hukwama, kwa sababu kwake saa kumi na moja ni kabla tu ya adhuhuri, au ni usiku; watafsiri wake wa siku hizi hulazimika kumgeuzia. Sisi hatugeuziwi. Saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, kama walivyohesabu watu wa Palestina. Saa kumi na moja ni saa kumi na moja: jua limeinama, mama lishe anasugua sufuria, daladala zimeanza kujaa, na mtu ambaye bado yuko kijiweni anapanga maneno ya kuwaambia wa nyumbani. (Hata jina lake ni letu: kibarua limetokana na barua, kile cheti kidogo alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili adai haki yake.)

Jioni mwenye shamba anamwambia msimamizi awalipe, akianzia na waliokuja mwisho. Wa saa kumi na moja wanapewa dinari nzima. Wale wa alfajiri wanaona, wanaanza kupiga hesabu, na zamu yao ikifika wanapewa dinari ile ile. Wananung'unika. Nani asingenung'unika? Msomee hadithi hii fundi yeyote wa ujenzi, atakuuliza: kesho nani ataamka mapema? Ni swali la haki, na wahubiri wengi hulikwepa kwa kukimbilia kusema kwamba dinari ni uzima wa milele. Mimi nataka tukae kidogo hapo kijiweni. Wanaobaki mpaka jioni katika kijiwe chochote si wavivu, maana mvivu haendi kijiweni. Ni mzee ambaye gari lilipofika hakuwahi kulikimbilia. Ni mwenye kikohozi. Ni mgeni asiyejuana na mtu. Walipoulizwa mbona wamesimama kutwa, walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Na watoto wao walikuwa na njaa ya siku nzima, si ya saa moja.

Sasa angalia hadithi inavyoanza. Yesu anasema ufalme wa mbinguni unafanana na mtu, yule mwenye shamba. Hakusema unafanana na shamba. Pitia mifano yake mingine uone: ufalme unafanana na mtu aliyepanda mbegu njema, na chachu ambayo mwanamke aliitia kwenye unga, na mfanyabiashara aliyeuza vyote akanunua lulu moja, na mfalme aliyemfanyia mwanawe karamu ya arusi. Kila mara kuna mtu na kuna jambo analolifanya. Hata wavu na punje ya haradali, ambavyo si watu, vina kazi: wavu unakokota, punje inaota. Ramani hatupewi. Katika Injili zote nne hakuna mahali Yesu anapotaja mipaka ya ufalme huo, wala mji wake mkuu, wala mtu aanze safari kwa kupita wapi. Ajabu ni kwamba sisi tukiulizwa ufalme wa Mungu uko wapi, wengi tunanyoosha kidole juu.

* * *

Kosa hilo lina mlango wake katika lugha yetu. Kiambishi u- kina kazi nyingi, na mbili kati yake zinatuhusu hapa. Kinataja nchi: Unyamwezi, Ugogo, Uchaga, Uingereza. Na kinataja hali au kazi: uzee, uchungaji, ualimu, utu. Ualimu hauna mipaka wala kituo cha forodha; ualimu ni kile mwalimu anachokuwa na anachokifanya. Je, ufalme ni u- ipi? Zote mbili. Tunasema ufalme wa fulani ulidumu miaka 20, tukimaanisha kutawala kwake, na tunasema Falme za Kiarabu, tukimaanisha nchi unayoweza kupanda ndege ukashuka. Kigiriki cha Injili kina basileia, na Kiaramu alichozungumza Yesu kina malkuta. Maneno hayo nayo yana sura hizo mbili, ila katika Maandiko uzito umeegemea upande wa kutawala. Mtu akiusoma ufalme wa Mungu kama anavyosoma ualimu, asiusome kama anavyosoma Uingereza, nusu ya mifano itamfungukia yenyewe.

Mathayo ametuongezea utata kwa kupenda kuuita ufalme wa mbinguni. Marko na Luka, wanaposimulia mifano ile ile, husema ufalme wa Mungu. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba Mathayo aliwaandikia watu wa malezi ya Kiyahudi, wenye adabu ya kutolitaja jina la Mungu ovyo, na mbingu zikasimama mahali pa Mwenye mbingu. Nasi tunafanya hivyo. Redio ikitangaza kwamba Ikulu imesema, hakuna anayedhani kuta ndizo zilizofungua mdomo, na hakuna anayefunga safari kwenda Ikulu kwa sababu amesikia tangazo. Anajua tangazo linamhusu hapo alipo.

Kisha kuna ile sala ambayo watoto huijua kabla hawajajua kusoma. Wanafunzi walipoomba wafundishwe kusali, Yesu hakuwafundisha kuomba wapelekwe kwenye ufalme. Aliwafundisha kuuomba uje. Wakatoliki kwa Kiswahili chao wanatumia kitenzi kufika, Walutheri na Waanglikana wanatumia kuja, na waumini wa ndoa mchanganyiko wanajua jinsi ulimi unavyokwaa hapo ukisali upande wa wakwe. Lakini mwelekeo ni mmoja: kutoka huko kuja huku. Ombi linalofuata linaitaja dunia kwa jina. Tunaisali sala hiyo msibani tumesimama kando ya kaburi, na dakika ileile tunaimba nyimbo za kusafiri kwenda juu, wala hatuoni kwamba tumegeuza barabara.

Sisemi tumaini la waliofariki ni bure. Paulo, akiwa gerezani, aliwaandikia Wafilipi kwamba anatamani kuondoka akawe na Kristo, na Mkristo anayo haki ya kujifariji kwa hilo. Ila hilo ni jambo jingine. Ni kweli pia kwamba Yesu alizungumza juu ya kuingia katika ufalme. Lakini mtu huingia pia katika ndoa, huingia mkataba, huingia kazini, na katika hayo yote hakuna anayehitaji kufa kwanza.

* * *

Neno mfalme linatujia likiwa limepambwa: vigelegele, zulia, kiti cha enzi. Biblia yenyewe haina haraka ya kulipamba. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 8, wazee wa Israeli wanamwendea Samweli. Amezeeka, na wanawe aliowafanya waamuzi wanakula rushwa. Wazee wanataka mfalme, wawe kama mataifa mengine. Samweli anawaorodheshea ufalme ni nini. Mfalme atawachukua wana wenu kwa magari yake ya vita. Atawachukua mabinti zenu wampikie na kumwokea mikate. Atachukua mashamba yenu mazuri awape watumishi wake. Atachukua fungu la kumi la nafaka, kisha la kondoo, na mwisho ninyi wenyewe mtakuwa watumwa. Kitenzi ni kimoja tangu mwanzo hadi mwisho: kuchukua. Mtu yeyote aliyewahi kukaa foleni ya kodi katika nchi yoyote anaijua orodha hiyo bila kufundishwa. Wazee wakasikia yote, wakasema mfalme tunamtaka vivyo hivyo. Na Mungu alikuwa ameshamwambia Samweli asione uchungu, kwa kuwa aliyekataliwa hapo hakuwa yeye.

Kwa hiyo kusema Mungu ni mfalme, katika kinywa cha Myahudi aliyeijua habari hii, kulikuwa na ncha kali. Maana yake ni kwamba hawa wengine wanaojiita wafalme wamekalia kiti kisicho chao. Danieli, sura ya 7, aliona dola za dunia zikitoka baharini kama wanyama wakali, mmoja na mbavu bado zimo mdomoni, kisha akaona utawala ukikabidhiwa mmoja aliye mfano wa mwanadamu. Dola zina meno. Ufalme wa Mungu una uso wa mtu. Mwaka 6 baada ya Kristo, Warumi walipowahesabu watu wa Uyahudi ili wawatoze kodi, Yuda Mgalilaya aliwaita watu waasi, kwa hoja kwamba bwana wao ni Mungu peke yake. Yesu alikulia katika Galilaya iliyokuwa bado inayakumbuka hayo. Alipoanza kutangaza ufalme wa Mungu, wasikilizaji hawakufikiri juu ya mawingu. Walifikiri juu ya Herode Antipa, juu ya watoza ushuru, juu ya askari. Pilato naye alielewa hivyo hivyo: shtaka aliloliweka juu ya msalaba lilitaja mfalme, na akaliandika kwa Kiebrania, Kilatini na Kigiriki, asibaki mpita njia wa kusema hakuelewa.

Lakini orodha ya Samweli haikutimia kwa huyu. Watu waliposhiba mikate wakataka kumsimika kwa nguvu, alikimbilia mlimani. Aliingia Yerusalemu juu ya mwanapunda wa kuazima. Usiku wa mwisho alijifunga taulo akaosha miguu ya watu ambao jioni ileile, kwa kumbukumbu ya Luka, walikuwa wakigombania nani mkubwa. Kitenzi kuchukua kimekosekana, na pasipo kitenzi hicho watu wa siasa wa siku zake hawakujua wamweke fungu gani.

* * *

Marko anayafupisha mahubiri ya kwanza ya Yesu kwa maneno machache sana, na kitenzi kikuu kwa Kiswahili ni umekaribia. Shina lake ni karibu. Ni lile lile neno tunalolisema mlangoni mgeni anapopiga hodi, lile wenzetu wageni wanalojifunza kabla ya yote wakitua uwanja wa ndege. Sidhani watafsiri walikusudia mchezo wa maneno, ila lugha imewapa. Kitu kilichokaribia kinangoja kukaribishwa.

Juu ya kitenzi hicho wataalamu wa karne ya 20 walivutana sana. Albert Schweitzer, katika kitabu chake cha mwaka 1906, alidai kwamba Yesu aliungoja ufalme ushuke upesi na kuvunja historia, na haukushuka. Miaka saba baadaye Schweitzer huyohuyo alikwenda Lambaréné, Gabon, kutibu wagonjwa, kana kwamba ameamua asikae kuungoja mikono mitupu. Mwaka 1935 C. H. Dodd, mtaalamu kutoka Wales, akaja na hoja ya upande wa pili: ufalme ulikwisha kuja katika Yesu mwenyewe, na mifano ndivyo inavyosema. Vitabu vikaandikwa vya kujaza maktaba. Nimevisoma baadhi, na kila nikifunga kimoja namkumbuka mtu aliyesimama barazani. Amepiga hodi. Hajaingia, lakini huwezi kusema hajafika. Umesikia sauti yake na watoto wameacha kucheza. Hali ya nyumba imebadilika kabla hajavuka kizingiti, na neno linalosubiriwa halitoki kwake tena, linatoka ndani.

Mafarisayo walipomuuliza Yesu ufalme utakuja lini, jibu lake katika Luka 17 lina neno la Kigiriki ambalo tafsiri nyingine hulifanya ndani na nyingine kati. Wanaopenda dini ya moyoni hushikilia ndani, nao huhubiri kana kwamba imeandikwa ndani yako. Haikuandikwa hivyo. Ni yenu, wingi, na aliokuwa akiwajibu ni Mafarisayo waliokuwa wakimtega. Tusidhani alikuwa akisifia mioyo yao. Alikuwa amesimama katikati yao.

* * *

Kanisa lenyewe halikuwa hodari wa kukaa na mgeni wa namna hii. Mwaka 325, baada ya mtaguso wa Nikea, Kaisari Konstantino aliwaandalia maaskofu karamu ya kuadhimisha mwaka wa 20 wa utawala wake. Baadhi yao walikuwa bado na makovu ya mateso ya makaisari waliotangulia. Wakapita katikati ya walinzi wenye panga zilizochomolewa, safari hii bila hofu, wakaketi kula. Eusebio wa Kaisaria, aliyelisimulia tukio hilo, aliandika kwamba mtu angeweza kudhani anatazama picha ya ufalme wa Kristo. Siwezi kumcheka, aliyepigwa miaka mingi akialikwa mezani lazima macho yamdanganye kidogo. Ila panga zilikuwa zimechomolewa. Mwaka 410 Wagothi wakauteka mji wa Rumi, na tangu 413 Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, akaanza kuandika Mji wa Mungu, kitabu kilichokuja kufikia mafungu 22, kuwaambia Wakristo waliotahayari kwamba ufalme wa Mungu haukuanguka na Rumi kwa sababu haukuwa Rumi.

Katika upande wetu wa dunia somo hilo lilifundishwa kwa moto. Alexander Mackay, fundi na mmisionari kutoka Scotland, alifika Buganda mwaka 1878 akitumia Kiswahili, lugha aliyoipata pwani, na vijana wa jumba la kabaka, mfalme wa huko, walianza kuzisoma habari za Yesu kwa Kiswahili kabla Injili hazijachapwa kwa Kiluganda. Wakaitwa wasomaji. Ilipofika siku ya kulitia neno ufalme katika Kiluganda, lililokuwepo lilikuwa moja tu: obwakabaka. Obwa- hiyo ni ndugu wa u- yetu. Ufalme wa Mungu ukawa obwakabaka bwa Katonda, na hivyo ndivyo Biblia ya Kiluganda inavyosoma hadi leo.

Fikiria kijana anayelisoma neno hilo hatua chache kutoka alipo kabaka mwenyewe. Ngoma, baraza, ardhi yote, uhai na kifo cha kila mtu, hayo ndiyo yaliyokuwa maana ya obwakabaka. Kabaka hakuwa na mwenzake. Sasa kijana wa kazi za ndani, ambaye kazi yake ni kubeba maji na kuitika, anasoma kwamba kuna obwakabaka mwingine, na kwamba kuna maagizo ya kabaka ambayo anaweza kuyakataa. Kabaka Mwanga alitawazwa mwaka 1884 akiwa kijana bado. Wanahistoria wanataja sababu nyingi za hofu yake: Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia nchi upande wa pwani, Askofu James Hannington alikuwa akija kwa njia ya Busoga, mlango ambao Waganda waliuogopa, na vijana walikuwa wakikataa matakwa ya mwili wa kabaka. Yote ni kweli. Lakini chini yake kuna kijana aliyesema hapana kwa mtu ambaye haambiwi hapana. Wavulana watatu Waanglikana waliuawa Januari 1885. Hannington akauawa Oktoba. Tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo. Makanisa mawili yanakumbuka majina 45 kwa jumla, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Na haki itendeke: miaka kumi hivi kabla yao, Kabaka Mutesa alikuwa amewaua vijana Waislamu wa jumba lake kwa shtaka linalofanana sana na hilo, la kukataa kula nyama iliyochinjwa kwa mkono wa kabaka asiyetahiriwa. Kuwa na mfalme mwingine ni kosa lililotangulia Wakristo kufika.

Namugongo kila mwaka Juni 3 hujaa mahujaji, wengine wakiwa wametembea kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania. Mahubiri ya siku hiyo huishia kwenye moto. Mimi huona habari inayofuata ni ya kutisha zaidi, nayo huhubiriwa mara chache. Wasomaji walionusurika walikua, wakapata bunduki, wakapata uchifu. Wakagawanyika: wa Kanisa Katoliki wakaitwa Wafaransa, wa Kianglikana wakaitwa Waingereza, ingawa wote walikuwa Waganda. Tarehe 24 Januari 1892, miaka sita isiyotimia tangu Namugongo, walipigana wao kwa wao Mengo, na bunduki ya Maxim ya Kapteni Frederick Lugard ikaamua upande upi ushinde. Baada ya hapo ardhi na vyeo viligawanywa kwa madhehebu: saza (yaani jimbo) hili la hawa, saza lile la wale. Watu waliokuwa tayari kufa kwa ajili ya obwakabaka usio na ramani walikuwa wameuchorea ramani. Na kitenzi cha Samweli kilikuwa kimerudi.

* * *

Kuna waliolisikia neno ufalme kwa namna nyingine kabisa. Mwaka 1908 na 1909 Elliott Kamwana, mtu wa Nyasaland, Malawi ya leo, alihubiri mafundisho ya Watch Tower akiutangaza mwaka 1914 kuwa ndio mwisho wa tawala zilizopo. Maelfu walibatizwa, naye akafukuzwa nchini. Mafundisho yakasafiri na vibarua wa migodini (hao tena) mpaka Katanga, na huko Kongo yakapata jina Kitawala. Tower, mnara wa Waingereza, lilitua katika masikio ya Waswahili wa bara likawa kutawala. Wazungu walidhani watu wamekosea matamshi. Nadhani walikuwa wamesikia vizuri mno. Kama Mungu anatawala, huyu bwana shauri anayetuhesabu kama mbuzi anatawala nini? Wabelgiji waliwapiga marufuku wafuasi wa Kitawala, wakawahamishia mbali waliowakamata, na mwaka 1944 kulikuwa na uasi wa Masisi na Lubutu, ukiongozwa na mtu aliyeitwa Bushiri, uliozimwa kwa damu. Mengi ya mafundisho yao Kanisa lolote lingeyakataa. Lakini katika jambo moja walikuwa karibu na wavuvi wa Galilaya kuliko wachungaji wengi wa wakati wao: walijua ufalme wa Mungu ukitajwa, mtu fulani aliyekalia kiti ana sababu ya kuhangaika.

Siku hizi hatari imehamia kwingine. Katika miji yetu utasikia mhubiri akiuliza kwa kipaza sauti: mtoto wa mfalme anatembeaje kwa miguu? Kina baba na kina mama waliokuja na daladala wanaitika amina. Mantiki ni nyepesi. Mungu ni mfalme, wewe ni mwanawe, basi gari, nyumba na viza ni urithi wako, na kinachokuzuia ni uhaba wa imani au sadaka. Kuna uchungu wa kweli ndani ya zile amina, sitaki kuudharau. Mtu aliyedharauliwa wiki nzima anataka siku moja aambiwe ana cheo. Ila mantiki hiyo imemsahau mwana wa mfalme mwenyewe, ambaye alikwenda kwa miguu. Na ukiiangalia vizuri, imeirudisha orodha ya Samweli kwa mlango wa nyuma, fungu la kumi likiwa la kwanza kutajwa. Si ajabu wanaoihubiri wakaishia na walinzi, na msafara, na kiti kilichochongwa tofauti na viti vingine.

Mfano wa chachu, katika Mathayo 13, ni mstari mmoja tu, na ndio ninaoupenda kuliko yote. Mwanamke anaificha chachu ndani ya vipimo vitatu vya unga. Vipimo hivyo ni vikubwa, jumla yake karibu lita 40. Hakuna familia inayokanda kiasi hicho kwa chai ya asubuhi. Huo ni unga wa shughuli, wa kulisha watu zaidi ya 100. Chachu ikishakandwa humo huwezi kuionyesha iko wapi. Huwezi kuitoa pia. Kilichobaki ni kufunika kwa kitambaa, kungoja, na kuingiza mkono mara moja moja kuona kama unga umeanza kuumuka. Kila anayepika maandazi anaujua wakati ule ambapo unga haujawa mkate wala hauwezi kurudi kuwa unga. Ndipo Wakristo walipo tangu mwaka 30 hivi. Mtu atakayekwambia mkate umeshaiva hajatazama nje, na atakayekwambia hakuna kinachoendelea hajagusa unga.

Luka aliliandikia jambo hili kitabu kizima. Matendo ya Mitume yanaanza na wanafunzi wakimuuliza Yesu mfufuka kama huu ndio wakati wa kuwarudishia Israeli ufalme. Baada ya yote waliyoyaona, bado walikuwa wanauliza habari za ramani. Hawakupewa tarehe. Walipewa kazi. Sura 27 baadaye tuko Rumi, mji wa Kaisari, na Paulo ni mshtakiwa. Yumo katika nyumba ya kupanga, kodi ikitoka mfukoni mwake, askari akimlinda. Miaka miwili mizima anakaa hapo akihubiri ufalme wa Mungu. Luka anatueleza kwamba hakuna aliyemzuia, na kwamba alimkaribisha kila aliyekuja. Kesi iliishaje, hasemi. Anamwacha pale ndani, na mtu mwingine yuko nje anapiga hodi.